Fundi wa Kinama aliyemkabidhi mgeni vipimo vya mjukuu wake

Saa moja kasoro robo asubuhi, barabara ya vumbi ya Kinama imeshajaa watu wanaokwenda mjini kwa miguu. Mafuta ni ya shida, mabasi ni machache, na anayesubiri basi huenda akafika kazini jua likiwa utosini. Ndani ya chumba chenye cherehani mbili, Adija Massoudi amepiga magoti mbele ya mtoto wa kike wa miaka kumi hivi. Ana pini nne midomoni. Anakunja upindo wa sketi ya bluu ya shule.

Mama wa mtoto amesimama mlangoni. Sketi imemkaa bintiye kama aliyezaliwa nayo. Anachomoa simu mkobani na kunyoosha mkono apige picha.

Adija anatemea pini kiganjani, anainuka, na kuziba jicho la simu kwa mkono mwingine.

"Apana, mama. Humu ndani mutoto hapigwi picha."

"We fundi! Mi si ni mama yake?"

"Hata ungekuwa bibi yake."

"Nataka kumutumia baba yake tu, iko Bukavu."

"Mupeleke kwenu, umupige picha mia. Hapa apana."

Mteja anacheka, akidhani anataniwa. Kisha anamtazama fundi usoni na kicheko kinamkauka. Anarudisha simu, analipa, anamshika mwanawe mkono. Akiwa tayari nje anasikika akisema, "Huyu fundi amezeeka vibaya."

Adija amesikia. Anarudi kwenye kiti chake na kuchomeka pini moja moja kwenye kimto.

"Huyo amesema kidogo," anamwambia mwandishi bila kuinua macho. "Kuko wengine wananiita mwendawazimu wa simu."

Ana miaka sitini na mmoja, na thelathini na minne kati ya hiyo ameitumia kwenye cherehani. Ni mjane. Alimlea binti mmoja, Sumaya, kwa sare za shule za watoto wa wenzake, na leo Sumaya ni muuguzi Gitega. Kila likizo kubwa, kuanzia Julai, Sumaya alikuwa akimletea wajukuu wawili wa kike wakae naye mpaka sare za mwisho zishonwe. Mkubwa tumuite Shemsa, mdogo Nuriya. Hayo si majina yao.

Hawajakanyaga Kinama tangu Agosti ya mwaka jana.

Sasa ni Alhamisi. Kuanzia Jumapili Sumaya ana semina ya siku nne Rohero, katikati ya mji, na amekubali kuwaleta watoto keshokutwa, wakae siku hizo tu. Hata hivyo, mpaka jana usiku hakuna aliyekuwa na hakika kama Shemsa atakubali kupanda gari.

"Mi sijalala," anasema Adija. "Nimefua mashuka yao mara mbili. Yalikuwa masafi."

Shida yenyewe iliingia kwa mlango wa kazi. Mafuta yalipoadimika, wateja wa mbali waliacha kuja kupimwa. Jirani yake Dorothée, anayeuza vocha za simu nyumba ya tatu kutoka kwake, akampa shauri: aingie kwenye kundi la wauzaji la kwenye simu, aweke picha za nguo zake, watu waagize wakiwa kwao. Kundi hilo lilikuwa na watu zaidi ya mia sita. Dorothée alimjua mmoja katika kumi.

Adija anasoma vizuri herufi za Kiarabu alizofundishwa madrasa utotoni. Herufi ndogo za kwenye simu, anasema, "zinanikimbia kama sisimizi." Kwa hiyo Shemsa, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa macho na vidole vyake. Ndiye aliyesoma maagizo na kuyajibu. Na kwa kuwa nguo iliyotundikwa kwenye msumari haivutii, ndiye pia aliyezivaa sare na kupigwa picha, akicheka, mkono kiunoni, na namba ya simu ya bibi yake ikiandikwa chini.

Sare nne kwa wiki zikawa ishirini. Ufundi wa sare moja ulikuwa faranga elfu kumi na tano. Kwa mara ya kwanza tangu kufiwa na mumewe, Adija alikula nyama katikati ya wiki.

Kisha akaja mteja aliyejiita Mama Mélissa.

Picha yake ilionyesha mwanamke mnene wa kitenge, mwenye tabasamu la huruma. Aliandika kwa adabu. Alianza kwa salamu, akauliza hali ya afya ya fundi, akamwombea Mungu aibariki mikono yake. Alitaka sare mbili za binti yake. Mtoto yuko kwa shangazi yake mkoani, alisema, hawezi kuja kupimwa, lakini mwili wake ni kama wa huyu wa kwenye picha. Fundi ampime huyu badala yake.

Hakuna fundi wa Kinama ambaye angeshtuka. Mtoto wa mteja akiwa mbali, huitwa mwenzake wa umri ule asimame mahali pake, apimwe, na nguo ishonwe. Wazazi hufanya hivyo kila mwaka. Adija mwenyewe alikuwa amewapimia hivyo watoto wasiohesabika.

Akamsimamisha Shemsa mbele ya cherehani, akazungusha utepe wa kupimia. Mama Mélissa akaomba atumiwe vipimo, ahakikishe. Adija akabonyeza simu na kuvitaja kwa sauti, kimoja baada ya kingine.

Anaposimulia hapa, anaacha kukanyaga pedali.

"Sauti yangu mwenyewe," anasema. "Kifua, kiuno, mabega, urefu. Nilimusomea mutu nisiyemujua mwili wa mujukuu wangu, na mwisho nikamwambia asante."

Tangu siku hiyo ujumbe ulikuwa ukiingia Adija akiwa ameinamia kazi. Haikumchukua muda mgeni yule kugundua kwamba anayejibu ni mtoto. Akamuuliza umri. Akamtumia mega za kuingia mtandaoni, zawadi, akamwambia afute maandishi ili bibi asije akamnyang'anya. Akamwambia Mélissa hana rafiki hata mmoja. Shemsa akafuta kama alivyoambiwa.

Lakini Jumatano ya wiki ile mtoto alikuja akasimama kando ya cherehani, simu mkononi.

"Bibi, huyu mama anaongea kama si mama."

"Anaongea nini?"

"Sijui. Anaongea tu vibaya."

"Kliyenti hasemwi, sha. Mwandikie nguo ziko tayari Ijumaa."

Na cherehani ikaendelea kulia.

Ijumaa, Mama Mélissa aliandika kwamba anaumwa, hawezi kutoka. Je, fundi angemtuma yule binti alete nguo Mutanga Nord? Hilo nalo ni jambo la kila siku. Mtoto wa fundi hupeleka nguo kwa mwenyewe, hupewa soda au biskuti, hurudi. Adija alipiga pasi sare zote mbili, akazifunga kwenye kitambaa, akamwelekeza mjukuu wake njia. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu. Shemsa aliuliza kama anaweza kwenda na mdogo wake. Adija alimwambia Nuriya angemchelewesha.

Aliondoka saa nane mchana.

Yaliyotokea huko Shemsa ameyasimulia mara mbili, kwa mama yake na kwa polisi, na gazeti hili halikumuomba ayasimulie mara ya tatu. Kwa mujibu wa mama yake, geti lilifunguliwa na mwanamume. Alisema Mama Mélissa yuko ndani amelala. Mtoto alipoingia, mwanamume alifunga geti na kumshika kifundo cha mkono. Shemsa alimtupia kifurushi usoni na kupiga yowe. Mwanamke aliyekuwa akifua nguo ua wa pili alilipigapiga geti kwa ndoo, akiita watu, mpaka likafunguliwa. Mtoto akatoka mbio.

Daktari aliyemwona baadaye hakumkuta na jeraha jingine zaidi ya alama ya vidole mkononi.

Alifika Kinama adhana ya magharibi ikisomwa, hana kifurushi, kiatu kimoja hakipo. Adija alikuwa mlangoni, moyo juu. Alikuwa ameshawauliza majirani, ameshatoka mpaka barabarani mara tatu.

"Unajua neno langu la kwanza lilikuwa nini?" anauliza. "Sikusema 'mutoto wangu, we muzima?' Nilisema, 'Nguo ziko wapi?'"

Adija akauliza tena. Mtoto akasema amezitupa.

"Nikamupiga kofi."

Nje mtu anapita akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, anataja bei, hakuna anayemwita.

"Mi niliogopa tangu mchana, hofu ilinijaa mpaka hapa," anasema, akishika koo. "Nilipomuona amerudi, hofu ikatoka kwa mukono. Alikuwa ametoka kuponea chupuchupu. Akakimbia kuja kwa bibi yake. Na bibi yake akampiga."

Shemsa hakulia. Alikwenda kulala bila kuvua nguo. Kwa siku mbili hakusema lolote, mpaka Sumaya alipokuja kuwachukua na kuona alama ya vidole mkononi mwake. Hapo ndipo yote yalipomwagika.

Polisi walifungua faili. Nyumba ile, waliambiwa, ilipangishwa kwa mwezi mmoja kwa mtu aliyelipa taslimu, na alikuwa ameshahama. Namba ya simu ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mkulima mzee wa mkoani, ambaye hajawahi kumiliki simu. Faili halijasonga tangu wakati huo.

Mtaani, hukumu ilitolewa upesi zaidi, na aliyehukumiwa ni mtoto. Watoto wa siku hizi, watu walisema, simu imewaharibu. Walisema bila shaka alikuwa anajua anakokwenda.

"Mi nilinyamaza," anasema Adija. "Hilo nalo niandikie. Walimusema mujukuu wangu kwenye kisima, na mi nilikuwa nashika ndoo yangu, nimenyamaza."

Machi mwaka huu, Adija akiwa sokoni, simu ililia mkobani. Namba ilikuwa ngeni. Aliporudi, Dorothée ndiye aliyemsomea. Ilikuwa ile picha ya Shemsa, mkono kiunoni, akicheka. Chini yake yaliandikwa maneno mawili: *Bado unaye?*

Wiki hiyo hiyo Adija alijitoa kwenye kundi. Dorothée, ambaye hajaacha kujilaumu kwa shauri lile, alimfutia picha zote na kuifunga simu ili mtu asiyejulikana asiweze kuona hata uso wake. Picha zilizokwisha kusambaa hazifutiki, na wote wawili wanalijua hilo. Tangu siku hiyo Adija hapokei kazi kwa simu. Anayetaka nguo aje na mtoto wake. Sare ishirini kwa wiki zimekuwa sita, na mara nyingine tano.

"Dorothée ananiambia, 'Mama Sumaya, utakufa njaa na hiyo sheria yako,'" anasema. "Namwambia, basi utanizika na tumbo safi."

Ni mara ya kwanza leo anatabasamu.

Sumaya, akizungumza kwa simu kutoka Gitega, anapima maneno yake kama dawa.

"Mama yangu si mutu mubaya. Kila mutu ananiambia hivyo, na mi najua. Lakini mutoto alimwambia. Jumatano alimwambia, akamujibu kliyenti hasemwi. Sasa Shemsa haniambii kitu hata mimi. Nikimuuliza shule iko aje, anasema sawa. Nikimuuliza kama ana homa, anasema sawa. Simu hataki hata kuigusa, na watu wananipongeza, wanasema una mutoto mwenye adabu. Hiyo si adabu. Mutoto amejifunga."

Kuhusu Jumamosi, anasema hatamlazimisha.

Jumamosi saa tisa alasiri gari la Gitega linawashusha. Adija amevaa kanga mpya na kusimama kando ya barabara tangu saa saba. Anamwona Sumaya akishuka na mfuko. Anamwona Nuriya, miaka minane, akiruka chini. Anaendelea kuuangalia mlango wa gari mpaka kondakta anapoufunga.

"Amekataa, mama," anasema Sumaya. "Yuko kwa wifi yangu. Nisamehe."

"Apana. Usiombe samahani we." Adija anainama, anamkumbatia mdogo kwa muda mrefu mno.

"Bibi, unanibana," anasema Nuriya.

Masharti ya Sumaya ni machache na ameyasema mara moja tu. Nuriya ana simu ya zamani ya mama yake, yenye michezo. Ataitumia palepale penye cherehani, si chumbani, na bibi akikaa karibu. Na mtoto akisema neno, cherehani inyamaze. Sharti la mwisho Sumaya alilitaja akimtazama mama yake moja kwa moja machoni, jambo ambalo hajalelewa kulifanya. Adija aliitikia kwa kichwa.

Siku ya pili, Jumapili, saa nne asubuhi, Sumaya akiwa semina, Nuriya amekaa kwenye mkeka akicheza mchezo wa kupika kwenye simu. Adija anashona kola. Mtoto anaacha kucheza. Anaangalia simu, anamwangalia bibi, anaangalia simu tena.

Adija anatoa mguu kwenye pedali.

"Kuna nini, mama yangu?"

"Hakuna."

Adija anaiacha kola. Anaweka mikono mapajani na kungoja, na anayemtazama anaona jinsi kungoja kunavyomgharimu.

"Kuna mutu ameandika humu," anasema Nuriya hatimaye. "Simujui. Ananiuliza nakaa wapi."

Adija anashuka kitini na kukaa mkekani, polepole kwa ajili ya magoti. Uso wake umekuwa wa majivu.

"Umemujibu?"

"Bado."

"Umefanya vizuri kuniambia. Vizuri sana. Nionyeshe."

"We hujui kusoma simu, bibi."

"Ndiyo maana nakuambia unionyeshe. Mi sijui, we unajua, tutakuwa mutu mumoja muzima."

Nuriya anacheka. Anamsomea maneno yale kidole juu ya kioo. Wanaelekea kwa Dorothée, mtoto mbele, bibi nyuma akiwa amesahau kuvaa viatu. Dorothée anamfungia yule mtu njia na kuuzima mlango wa kuandikiana kwenye mchezo. Inachukua dakika tano. Huenda alikuwa mtoto mwenzake wa mji mwingine. Huenda hakuwa. Hawatajua.

Wakiwa njiani kurudi, Nuriya anamvuta kanga.

"Bibi, huna hasira?"

"Sina hasira. Naogopa tu. Mukubwa akiogopa, uso wake unafanana na hasira, lakini si hasira."

Mtoto anatafakari hatua kadhaa.

"Nilifikiri utanipiga," anasema. "Shemsa aliniambia we ukiambiwa unapiga."

Adija anasimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli ya mkaa anampigia kengele, anampita kwa pembeni, anamtukana kwa Kirundi. Yeye hasogei.

Jioni, Sumaya akiwa amerudi na mdogo amelala, Adija anamweleza bintiye yote, pamoja na neno lile la njiani. Kisha anamwambia uamuzi wake. Jumatano, semina ikiisha, atapanda nao gari kwenda Gitega.

"Mama, hii ni wiki ya sare," anasema Sumaya. "Shule zinafunguliwa."

"Sare za watu nitampa fundi wa jirani amalize. Mi nimeshashona miaka thelathini na nne, sare hazijawahi kukosa mutu wa kuzishona."

"Na Shemsa akikataa kutoka chumbani?"

"Nitakaa mlangoni."

Kwao, mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Humpa pipi, humnunulia kiatu, humpikia anachopenda, na mtoto huelewa, au huambiwa aelewe. Adija amekwishafanya hayo yote kwa mwaka mzima. Kiatu alikituma mwezi wa kumi. Kilirudishwa kikiwa hakijavaliwa.

Sasa anataka kusema kwa mdomo. Amejizoeza peke yake, anasema, wakati wa kupiga pasi.

"Nitamwambia: Jumatano uliniambia, sikukusikia. Ijumaa nilikutuma mi mwenyewe. Ukarudi, nikakupiga. Kosa si lako hata punje. Na kwa kisima walipokusema, nilinyamaza, hilo nalo kosa langu. Hapo nitafunga mdomo. Sitaweka 'lakini.' Nikianza 'lakini' Sumaya anikanyage mguu."

Sumaya anacheka kidogo, machozi yakimlengalenga, na kusema atamkanyaga kweli.

Adija hatarajii mengi. Hategemei kwamba Shemsa atakuja Kinama likizo ijayo, wala ile ya baada yake. Anaomba tu kwamba mtoto akipatwa na jambo tena, popote, kwenye simu au nje ya simu, awe na mtu mmoja duniani wa kumwambia. Anatamani mtu huyo awe Sumaya. Yeye mwenyewe ameshajiondoa kwenye orodha, anasema, na akirudishwa atashukuru.

"Na asipokusamehe?" anaulizwa.

Adija anakunja kanga atakayosafiri nayo, anailaza ndani ya mfuko.

"Hana lazima ya kunisamehe," anasema. "Mi ndiye niko na lazima ya kwenda."